Besi ya Ubeti wa Tatu

Asubuhi niliyoondoka nyumbani Nyaishozi, mwaka 1978, sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, sina jembe langu, sina baiskeli, na kila kitu chenye skrubu kilikuwa kinaniwasha vidole. Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Nikamwambia naenda hapo barabarani. Akasema, bila kuinua macho, "Rudi na chumvi."

Nilirudi nayo baada ya miezi saba. Alifungua karatasi, akaonja, akasema, "Ndiyo yenyewe," kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana niliowaacha kwenye meza za ufundi wameniomba niandike niliyoyaona kazini. Hawakuuliza nilipanda cheo lini, na hilo nawashukuru, maana hata mimi sikumbuki. Waliuliza kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ipi. Nitaisimulia, lakini lazima nianzie kwenye chumvi.

Siku ile nilidandia lori la kahawa hadi Omurushaka. Pale njia panda palikuwa na kibaraza cha fundi wa redio, Mzee Kashaija, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Mbele yake palikuwa na redio iliyovuliwa ganda lote, na ilikuwa inaimba vilevile. Sikuwahi kuona kitu uchi kikiimba. Nilisimama hapo mpaka adhuhuri.

"Wewe," akasema, "umesimama kwenye mwanga wangu. Kaa, au nenda."

Nikakaa. Ukiacha ile safari ya kupeleka chumvi, nilikaa miaka mitatu.

Kashaija hakufungua redio ya mtu kabla ya kumhoji mwenyewe kama karani wa mahakama. Nakumbuka bwana mmoja aliyekuja na redio kubwa ya mbao kichwani.

"Ulikuwa unasikiliza nini ilipozimika?"

"Taarifa ya habari, fundi."

"Ilizimika ghafla, au ilififia?"

"Ilianza kunong'ona."

"Ukafanya nini?"

"Nikaipiga kofi."

"Makofi mangapi?"

Yule bwana akatazama miguu yake. "Manne. La tano alipiga shemeji."

"Basi tutaanza na la shemeji," Kashaija akasema, akachukua bisibisi.

Nilidhani ni mzaha wa kuvutia wateja. Baadaye nikaona kwamba jibu la swali lile la kwanza lilimpunguzia nusu ya kazi. Pia lilimwambia mtu huyu anapoteza nini redio ikifa. Mmoja hupoteza mpira wa Jumamosi tu. Mwingine hupoteza sauti pekee iliyobaki ndani ya nyumba. Kashaija alisema hao wawili hawatengenezewi kwa mkono mmoja.

Sheria yake ya pili ilikuwa fupi zaidi: usimwambie mtu kwamba ameharibu mwenyewe. Mwambie chombo kinataka nini. Atajua.

Nilipoondoka alinipa chuma chake cha kulehemu, kile cha kupashwa kwenye mkaa, mpini wake umeungua ukawa na umbo la kiganja chake. Ilibidi nijifunze kukishika kama yeye, hakukuwa na njia nyingine. Ninacho mpaka leo. Vijana hukitazama kama mkuki wa babu.

Miaka ya themanini nilizunguka. Nilitengeneza saa za ukutani, mashine za kuchapa, cherehani, jenereta za misheni, na mara moja meno ya bandia ya mzee mmoja, kazi ambayo siipendekezi. Sikukaa mahali zaidi ya msimu mmoja wa kahawa. Watu walidhani nakimbia mke. Nilikuwa natafuta kitu ambacho sijakifungua bado.

Kompyuta nilikutana nazo mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye ofisi moja ambako nilikuwa natunza jenereta. Mhandisi aliyetoka Dar alinikuta nimelala chali chini ya meza nikitazama feni ya mashine. Badala ya kunifukuza akanieleza. Alipohamishwa aliniachia kitabu kinene cha Kiingereza na boksi la disketi. Kitabu kile nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, kama watu wengine wanavyosoma Zaburi. Kufika katikati ya miaka ile nilikuwa nafahamika kuwa fundi wa kompyuta wa Karagwe yote, cheo rahisi kukipata, maana kompyuta zenyewe zilihesabika kwa vidole. Siku hizo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, kwa hiyo niliitwa huko pia.

Ndivyo nilivyofika Mabira.

Aliyeniita alikuwa Mama Mukamana, mwenyekiti wa kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri. Wazazi wake walitoka Rwanda wakiwa wamembeba mgongoni, yeye akakulia kwenye mashamba ya watu kwa vibarua, na sasa alikuwa na kibanja chake mwenyewe, migomba na mibuni, na sauti ya alto iliyosikika mpaka mto wa chini. Alinipokea njiani, akanipa kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyopewa, akaniambia habari yote tukitembea.

Mwalimu wa kwaya yao, Mwalimu Eliasi, alipooza mwaka uliopita, miezi michache baada ya kumzika mke wake, Justina. Ugonjwa ulichukua mkono wa kulia na ulimi. Mtu aliyefundisha watu kuimba miaka thelathini akawa hawezi kutamka jina lake. Kalamu hakuweza kuishika. Ndipo wafadhili wa usharika wakaleta kompyuta, mashine iliyotumika, na mchungaji akaamua ikae nyumbani kwa Mwalimu. Alijifunza kuandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Nota zetu za kwaya, kama mnavyojua, ni herufi tu na nukta: d, r, m, f, s. Kompyuta ilizipokea bila kulalamika. Aliandika upya nyimbo zake zote za zamani. Kisha akaandika mmoja mpya.

"Wa Justina," Mama Mukamana akasema. "Miezi saba, fundi. Kila siku baada ya uji anakaa pale, tik, tik. Tukichungulia anaziba kioo kwa mkono. Hajauonyesha mtu. Jumapili hii tunaweka msalaba kaburini, tuuimbe. Sasa mashine imekufa. Zile nyimbo nyingine tunazo kichwani, hata zikifutika tutaziimba. Lakini huu hatujausikia hata mstari. Upo humo ndani tu."

Ilikuwa Jumatano.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono, mrefu, amenyolewa vizuri, sakafu chini yake imetandazwa nyasi mbichi. Nikamwamkia shikamoo. Akainua mkono wa kushoto, akaufungua na kuufunga. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Kompyuta ilikuwa mezani imevikwa. Sijui neno jingine. Kioo kilikuwa na kitambaa cha kufuma cha njano chenye maua, kasha lilikuwa na kingine kikubwa chenye pindo lililoshuka mpaka mezani mbele na nyuma, na kibodi ilikuwa na chake kidogo. Kama nyumba yoyote nzuri ya kwetu inavyovika redio na makochi.

"Umefuma wewe, Mama?"

"Nani mwingine? Vumbi la barabarani lile lingeimaliza."

Sasa nisikilizeni hapa, vijana, maana hapa ndipo nilipokosea. Chumba kilikuwa kimejaa wanakwaya, wote wamekuja kumwona fundi wa Karagwe yote. Nilitaka kuwaonyesha. Nilisahau swali la Kashaija. Niliwasha jenereta ya kwaya, nikabonyeza swichi.

Mashine iliwaka, ikahesabu kumbukumbu yake, kisha ikaandika kwamba haioni diski ya kuanzia. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikabadilisha waya, nikawasha. Nikaona betri ndogo ya ndani imekufa, ile inayoikumbusha mashine ina diski ya namna gani, nikafurahi, nikadhani nimeshapata ugonjwa. Nikaingiza kwa mkono tarakimu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha diski, nikawasha tena. Safari hii ilianza kusoma, watu wakapiga makofi, halafu nikasikia sauti ambayo hakuna fundi anayeipenda: ka, ka, ka. Kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Nikazima. Nikawasha mara nyingine, kwa aibu tu. Na mara nyingine.

Niliwasha mara sita. Diski inayougua haina mara sita za kuchezea.

Mwalimu Eliasi alipiga meza kwa kiganja. Mara moja, kwa nguvu. Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, kama anavyomfanyia mtu wa teno anayeingia kabla ya wakati.

Nikazima jenereta. Nikakaa chini kwenye nyasi. Nikauliza nilichopaswa kuuliza mwanzo.

"Mlikuwa mnafanya nini nayo ilipokufa?"

"Alikuwa anamalizia," Mama Mukamana akasema. "Ijumaa. Tangu asubuhi mpaka jenereta ilipokaribia kuishiwa mafuta. Nilikuwa hapa nakata maharage. Nilimwona anatabasamu, nikajua amemaliza. Kisha mashine ikaanza kubisha."

"Na siku za nyuma? Ilikuwa inafanyaje?"

"Asubuhi nzuri. Mchana inakuwa nzito. Mpaka tukawa tunaiwekea kitambaa cha pili, tukidhani jua la dirishani linaisumbua."

Niliweka kiganja juu ya kasha. Mashine ilikuwa imezimwa muda, na bado ilikuwa na joto la mkate. Matundu yote ya nyuma, kabla sijakivua kile kitambaa, yalikuwa yamezibwa na pindo zuri la maua. Diski ilikuwa imeiva pole pole, miezi saba, kwa kupendwa.

"Mna nakala?" nikauliza. "Disketi?"

Uso wa Mama Mukamana ukang'aa. "Tunazo! Yule aliyeleta mashine alimfundisha Mwalimu, kila mwisho wa wiki ahifadhi kwenye disketi, azifiche mahali salama. Mimi ndiye ninazifungia."

Akatoa ufunguo shingoni. Kwaya yao, kama kwaya nyingi, ilikuwa na kitu kimoja tu chenye kufuli: boksi la spika kubwa. Humo ndimo walimoweka sare, kitabu cha mahudhurio, kengele ya Jumapili. Akafungua mlango wa nyuma. Disketi zilikuwa nne, zimefungwa kwenye leso safi, na leso imebanwa vizuri kabisa, isianguke, nyuma ya sumaku ya spika.

Tobia, kijana wa besi aliyekuwa mkulima wa jirani, alinitazama usoni na kuacha kutabasamu.

Nilizijaribu zote nne jioni ile ile. Sumaku ilikuwa imezifuta, zilikuwa tupu kama siku zilipotoka kiwandani.

"Zimechoka na safari," nikamwambia Mama Mukamana. Kashaija angesema nimeongopa. Lakini nadhani angenipa chai.

Tulikuwa na Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Niliitoa diski kwenye kasha. Ilikuwa nzito mkononi kama tofali dogo. Nikawaeleza kwa ukweli: ikipata moto inapoteza njia, ikipoa huenda ikasoma dakika chache. Hatutajaribu kuitengeneza. Zipo programu za kutengeneza diski, na watu wengi huzikimbilia, lakini ni kama kumwambia mgonjwa mahututi afagie nyumba kwanza. Tutainywesha ubaridi, tutachukua kile kimoja tunachokihitaji, mengine yatafuata ikiwa itakubali.

Nikaifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, nikaikaza kwa mpira, nikaiweka kwenye mchanga wenye maji chini ya mtungi wa Mwalimu. Ikakaa hapo mpaka alfajiri, wakati Mabira imefunikwa na ukungu na hata mbuzi wanakohoa. Nikaifuta mara tatu kwa shati langu. Nikaiunganisha nje ya kasha, juu ya kitabu cha nyimbo, nyaya zimening'inia, na nikaanzisha mashine kwa disketi yangu mwenyewe.

Mama Mukamana alikuwa amesimama mlangoni.

"Fundi. Inataka nini hasa?"

Nilijua anachouliza. Nikatafuta maneno.

"Inataka kupumua, Mama. Kama mtoto mgongoni. Unamfunika vizuri asipigwe na baridi, lakini uso unauacha nje."

Alivitazama vile vitambaa, vimekunjwa juu ya kiti. Alikuwa amefuma kila ua mwenyewe, jioni, baada ya kulima. Kisha akatoka. Nikadhani nimemuumiza, na kwamba harudi. Alirudi na ungo. Akasimama pembeni ya meza, akaanza kuipepea diski, taratibu, kama anayepepeta maharage, na hakukubali mtu mwingine ampokee mpaka mikono yake ilipochoka kabisa.

Diski ikazunguka. Ka. Kimya. Kisha orodha ikapanda kwenye kioo: WIMBO01, WIMBO02, mpaka arobaini na kitu, zote majina ya namba. Sikujua upi ni upi, na dakika zilikuwa zinakwenda. Nikamgeukia Mwalimu. Akasogezwa pamoja na kiti chake. Akanyoosha kidole cha kushoto mpaka kwenye jina la mwisho kabisa, lililokuwa peke yake chini ya orodha. JUSTINA.

Nikaamuru unakiliwe. Mashine ikaenda, ikasimama, ikaniuliza lile swali lake: niache, nijaribu tena, au nikubali nimeshindwa? Nikajibu ijaribu. Ikauliza tena. Nikajibu tena. Mama Mukamana akipepea, mimi nikiishika diski kwa vidole, nikiiinamisha kidogo, nikiirudisha, nikihisi ikibisha ndani ya kiganja changu. Mara ya kumi na mbili au kumi na tatu ikapita. Ikakwama mbele. Nikajaribu tena. Kisha ikaanza ka-ka-ka, orodha ikatoweka, nikazima.

Tuliirudisha kwenye mchanga. Tulifanya hivyo Alhamisi nzima na Ijumaa nzima, dakika nane za kazi, saa tatu za kusubiri. Wakati wa kusubiri walinilisha ndizi na maharage mpaka nikawaomba huruma. Tobia alikaa nami akaniuliza maswali ya kompyuta, na mimi nikamwuliza ya kahawa, na sote wawili tulijibiwa vizuri.

Ijumaa mchana wimbo ulivuka wote, isipokuwa sehemu moja. Kila nilipofika hapo diski ilibisha hodi na kukata tamaa. Mwishowe nikaiambia iruke. Nilijiambia ningeirudia Jumamosi asubuhi, ikiwa imepoa vizuri. Jumamosi asubuhi haikuzunguka. Wala haikubisha. Nilijua basi zile mara sita zangu za Jumatano zilikwenda wapi.

Nikaufungua ule wimbo kutoka kwenye disketi yangu. Soprano yote ipo. Alto yote. Teno yote. Maneno yote, ameyaweka chini kabisa. Besi ipo mpaka katikati ya ubeti wa tatu, halafu mstari mmoja wa takataka, alama zisizo na maana, kama kuku wamepita. Kisha inaendelea.

Printa iliyokuja na mashine haikuwa na utepe wa wino, kwa hiyo Tobia aliunakili wimbo kwenye ubao wa shule ya Jumapili kwa chaki, nyumbani kwa Mwalimu, nikimsomea herufi moja moja. Kwaya ilikuja adhuhuri. Walianza kuupitia kwa nota, bila maneno, na niliona nyuso zao zikibadilika. Mimi si mwimbaji. Ninachoweza kusema ni kwamba haukuwa wimbo wa kulia. Ulitembea. Ulikuwa na mwendo wa mtu anayekwenda shambani asubuhi na jembe begani.

Ubeti wa tatu maneno yake ni haya: *Jembe lako lipo mlangoni, nimelipita leo tena.* Na hapo, kwenye neno *mlangoni*, ndipo besi ilipokuwa haipo. Sauti tatu za juu zinaanikwa hewani bila kitu chini yao.

Wakaimba mpaka hapo, wakasimama.

"Mwalimu," Mama Mukamana akasema kwa upole, "kibodi hii hapa. Tuandikie."

Tulimsogezea. Mashine bado iliweza kuandika kwa disketi yangu. Mwalimu Eliasi akautazama ule mstari wenye takataka. Kidole chake kikasimama juu ya kibodi. Tukasubiri. Nilisikia maji yakidondoka mtungini. Kidole hakikushuka. Kisha akakirudisha pajani, na machozi yakamtoka jicho moja tu, la upande mzima.

Alikuwa amesahau. Ugonjwa ule ulimwachia wimbo na kumnyang'anya pale pale diski iliponyang'anya.

Nilitaka kusema ni mimi, ni zile mara sita, na nilifungua kinywa. Tobia akanitangulia.

"Sisi ni besi, bwana," akawaambia wenzake wawili. "Kazi yetu ni kushika chini. Hebu tuimbieni nyie wa juu."

Wa juu wakaimba. Tobia akajaribu kitu. Mwalimu akatikisa kichwa. Wakaimba tena, akajaribu kushuka zaidi. Kichwa kikatikiswa.

"Hapo umeenda kuchota maji kabisa," mwenzake akamwambia. "Rudi juu kidogo."

"Wewe imba basi, mwenye ngazi."

Watu wakacheka, na Mwalimu mwenyewe akacheka, cheko lake la upande mmoja. Walijaribu mara nyingi. Sikuhesabu. Safari hii kujaribu tena hakukuunguza kitu.

Kisha Tobia, nadhani kwa uchovu tu, hakushuka wala hakupanda. Alikaa kwenye *so* ile ile, akaishikilia chini ya neno *mlangoni* lote, kama mtu aliyesimama mahali akakataa kuondoka, akaiachia taratibu pale wengine walipofika *leo tena*.

Mwalimu hakutikisa kichwa. Hakukubali pia. Alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ukapanda, ukawaambia rudieni. Wakarudia. Ukawaambia tena. Mara ya tatu akaomba chaki, akainuliwa, na kwa mkono ule wa kushoto akaandika ubaoni mwenyewe: s, mstari mrefu, mrefu, mpaka mwisho wa ubao.

Mpaka leo sijui kama alikumbuka, au alisikia kitu kizuri zaidi akakipokea.

Jumapili waliuimba kaburini. Mwalimu aliongoza kwa mkono mmoja. Zilikuwepo kwaya za jirani, zimekuja kwa miguu na baiskeli, na baada ya ibada niliona vijana wao wakimzunguka Tobia na madaftari.

Kabla sijaondoka nilimwambia Mwalimu habari ya zile mara sita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga meza mara moja, kama siku ile, lakini taratibu, na akaufungua na kuufunga mkono wake. Diski alinipa mimi. Vijana wameiona, ndiyo ile niliyozuilia karatasi kwenye meza yangu miaka yote. Waliniuliza kwa nini situmii jiwe.

Jumatatu nikaondoka Mabira, kama kawaida yangu, bila kujua niendako. Nilitengeneza jenereta hapa, cherehani pale. Wiki ya tatu mvua ilinikuta karibu na Kibingo, njia ya miguu imekuwa mto, na kisanduku changu cha vifaa kimelowa. Nikaona nyumba ya bati yenye ukumbi. Mama wa makamo alikuwa amekaa hapo anachambua kahawa, amenipa mgongo. Alikuwa anaimba peke yake.

Mwanamke huimba sauti ya juu. Huyu alikuwa anaimba besi. Alikaa kwenye sauti moja ile ile, chini kabisa, akaishikilia, akaishikilia, kisha akaiachia.

Nilisimama kwenye mvua mpaka akamaliza.

"Hodi, mama."

Akashtuka, akageuka. "Karibu, baba. Unalowa! Una muda gani hapo?"

"Si mwingi. Wimbo huo umeupata wapi?"

"Kwaya yetu imeuleta kutoka Mabira. Wenzangu wanapenda ile ya juu. Mimi napenda hii isiyoondoka." Akakitazama kisanduku changu. "Wewe ni fundi?"

"Fundi. Natafuta pa kulala, mvua ikiisha niendelee."

"Chumba kipo. Cha marehemu kaka yangu, kinavuja pembeni kidogo."

Alinitangulia ndani. Nyasi zilikuwa mbichi sakafuni. Juu ya kabati palikuwa na redio, imevikwa kitambaa cha kufuma cha buluu mpaka chini, mbele na nyuma. Nikaweka kisanduku changu. Nikakishika kile kitambaa kwa ncha za vidole, nikakikunja nyuma mpaka matundu yakaonekana.

"Inataka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia inataka kupumua. Akanisikiliza, akakitengeneza kitambaa vizuri zaidi yangu, uso nje, kisha akaenda kunitandikia kitanda.